Pimamaji

Tulipoipita Ndere upepo ukatupiga ubavu wa kushoto,
na boti, ajabu, ikamwinamia aliyeipiga.
Mimi, mwashi wa Kondele,
nikanyanyuka nihamie kulia na mfuko wangu wa saruji.
"Kaa chini, Owuonda," akasema Akelo.

Akabonyeza kitufe. Mara moja tu.
Kule tezini bapa la kushoto likazama kidogo,
jembamba kama mwiko,
likaubeba ubavu uliolala.
Akasubiri.
"Ukizidisha, itaangukia kulia."

Nikatoa pimamaji, nikailaza juu ya kiti:
kiputo kikatetemeka, kikaingia katikati ya mistari,
kikatoka,
kikarudi.

Ukuta wangu ukisimama wima, naosha mikono, nalipwa, naenda.
Akelo hakuondoa kidole kitufeni
hadi Asembo.