Sauti kwa Veijo, Picha kwa Marketta

Sidii tuliikuta ndani ya kopo la vifungo,
imeandikwa kwa kalamu ya bluu: Mazulia, Juni.
Mwaka haupo. Mama hakuwahi kuiamini miaka.

Veijo akaleta mezani kompyuta yake ya madirisha,
akabofya kwa kidole kimoja, kama anayebisha hodi kwa mdeni.
Kioo kikabaki cheusi tii,
lakini ndani ya giza lile maji yalichapa mbao,
brashi ikasugua, chakwa, chakwa,
na mama akasema:
"Usinipige picha nikiwa nimeinama."

Marketta kimya. Kaka yake hajamsemesha
tangu sauna ya ziwani iuzwe, naye si wa kuanza.
Akafungua ile yake ya fedha, yenye tofaa lililong'atwa,
na mama akatokea
kwenye gati la kufulia, pale Kajaani,
sketi imepandishwa magotini,
povu la sabuni ya msonobari hadi viwiko,
midomo inakwenda, inakwenda,
wala hatusikii neno.

Mimi nina pengwini.
Nimemtetea miaka kumi na minne kwenye meza hii hii:
ndege wa bure, mzaliwa wa nchi yetu, asiye na bwana.
Nikampa faili. Akanijibu mstari mmoja:
kodeki haipo.
Hata giza hakunipa.
Na kamera, siku ile, nilishika mimi.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake.
Huyu aliifunga sauti kwa ufunguo wake,
yule akaifunga picha kwa wake,
wakashindana, wakanunuana, wakasahau,
nasi wametugawia mama kama mirathi:
sauti kwa Veijo, picha kwa Marketta,
na kwangu taarifa ya kosa.

Marketta ndiye aliyesogeza kiti.
Akaweka tofaa ubavuni mwa madirisha,
akauambia ukuta: "Nikifika tatu."
Ukuta ukajibu kwa sauti ya Veijo: "Haya."

Walibofya. Veijo akachelewa,
kama alivyochelewa kila kitu, mazishi yakiwemo.
Mama akafungua mdomo,
akaufunga,
ndipo neno likafika.
Rudia. Sasa Marketta ndiye wa nyuma,
na mama akasikika akicheka kabla ya kucheka.
Rudia. Rudia.
Mara ya tisa, kwa urefu wa zulia moja jekundu,
brashi na mlio wake vilikuwa chanda na pete,
kisha sauti ikateleza tena, nusu ya pumzi nyuma,
Veijo akatukana, Marketta akacheka,
na kahawa ikaungua jikoni bila mwenyewe.

Jioni akaingia Onni, mtoto wa Marketta,
theluji mabegani,
akatutazama kama watu wanaokunywa supu kwa uma.
"Kwani hamna ile koni?"
Akapakua kicheza video chenye koni ya barabarani,
ya chungwa na nyeupe, kama zile za kuzungushia mashimo,
akaiweka kwa mjomba, kwa mama yake, kwangu.
Dakika saba kwa zote tatu.
Haikuuliza faili imezaliwa wapi, inamtumikia nani.
Mama akaongea, midomo na sauti pamoja,
kwenye madirisha, kwenye tofaa, kwa pengwini wangu,
dakika nne na sekunde kumi na moja,
bila dosari.

Tuliitazama mara moja.
Kila mtu akanakili yake,
akafunga kompyuta yake, akatafuta glavu zake.
Veijo aliwasha gari. Marketta alisubiri basi.

Usiku nimekaa peke yangu na koni.
Nimegundua ina kitufe cha kuisogeza sauti
mbele au nyuma, kwa vipande vya sekunde.
Nimeirudisha nyuma nusu ya pumzi.
Mama anafungua mdomo,
anaufunga,
na katika pengo hilo
Veijo anatukana, Marketta anacheka,
na kahawa, nadhani, inaungua.