Jina si Jino

Walikuja kabla ya majogoo, magari ya minyororo mbele,
wakaziba barabara ya juu, wakaziba ya chini,
kijiji kikawa mfuko uliokazwa kamba.
Theluji ilimfika punda magotini.
Baba walimtoa na kiatu kimoja.

Ofisini: jiko la kuni, picha ukutani,
na kitabu cha majina yaliyoruhusiwa,
yamepangwa kwa alfabeti kama bei za sabuni.
"Ndugu, chagua."
Alituita ndugu, karani yule
aliyekula pilau ya harusi ya shangazi
akalamba vidole vyote vitano.
Baba akanyamaza. Kunyamaza alikujua.
Karani akapiga miayo, akamchagulia:
Asen. Sahihi hapa. Anayefuata.

Mama aliingia Nefise, akatoka Nadezhda,
neno ambalo kwa lugha yao ni tumaini.
Mimi Sebile, miaka tisa,
nikaulizwa napenda ua gani.
Nikasema sijui.
Wakaniandika Lilyana.

"Bibi, jina si jino?" nikauliza usiku ule,
"likitoka, si huota jingine?"
Bibi, mwenye meno matatu, alicheka hadi akakohoa.
"Jino," akasema, "wao hukuchoma ganzi kwanza."

Wiki ile baba alikatwa mshahara.
Msimamizi wa ghala la tumbaku alimwita, Asen, Asen,
mara nne, na baba akaendelea kufunga marobota.
Hakuwa mkaidi.
Alikuwa akimsubiri huyo Asen aitike.

Dukani, neno moja la kwetu lilitozwa leva tano.
Mama akanunua chumvi kwa kidole,
mafuta kwa kidole,
na kiberiti hatukununua, maana kilikuwa rafu ya nyuma,
kidole hakifiki.

Shuleni tuliikariri katiba:
raia wote ni sawa, haki zao hazigusiki.
Lilyana alipata sita juu ya sita.

Mbuzi wetu aliitwa Yildiz, yaani nyota.
Hakuna aliyekuja kumwandika upya.
Nilikwenda zizini jioni kumwita tu,
Yildiz, Yildiz, kwa lugha yenye faini,
naye akaitika, mdomo umejaa majani,
raia pekee wa nyumba ile
aliyeitwa alivyoitwa.

Bibi alikufa miplamu ikichanua.
Kabla hajafunikwa mama alimwinamia sikioni
akamrudishia lake: Hatije.
Mara tatu, polepole,
kuta za majirani zilikuwa nyembamba.
Kisha wakaja na jiwe, limechongwa tayari:
Hristina.
Wanasema jina jema hung'ara gizani.
Labda.
Giza tulikuwa nalo, la kugawia na wilaya jirani.

Serikali ile ilipoanguka ilituachia fomu.
Ombi la kurejeshewa jina: stempu mbili, nakala tatu.
Ofisi ile ile, jiko lile lile,
ukutani mraba mweupe palipotolewa picha.
Karani yule yule, miwani imefungwa kwa uzi.
"Jina jipya?"
"La zamani."
Akaandika bila kuinua uso. Mkono ulimtetemeka,
au ulikuwa uzee, sikutaka kujua.
Nikaomba fomu ya marehemu.
"Haipo," akasema. "Wafu hawaombi."
Halafu, kama mtu anayejisemea:
"Ile pilau ilikuwa nzuri."

Nilichukua patasi ya baba na nyundo ndogo,
nikapanda makaburini mchana kweupe,
nikapiga magoti kwenye matope.
Hristina. Hatije.
Herufi ya kwanza ni moja.
Hiyo niliiacha.
Nikaanzia ya pili.