Mbili Ni Mbili

Mlango wa zamani wa stoo tumeulaza juu ya mapipa mawili ya kabichi.
Kitasa bado kipo; tumekifunika, nacho ni mwamba mdogo kando ya kijiji.
Kilima chenyewe, Chlum, ni vitabu vinne vya mapishi
vya marehemu mkeo, chini ya shuka la kijani.
Wewe ndiye uliyesema visipungue vinne:
kilima kikiwa kifupi, Otakar, vita vinakuwa porojo.

Nje mvua yanyesha Hradec kama ilivyonyesha siku ile,
tarehe tatu Julai, mwaka wa sitini na sita, karne ya juzi.
Kila mwaka twaingojea, na isipokuja
wewe huinyunyizia meza kwa chupa ya kupigia pasi.

Askari wako wamevaa makoti meupe.
Mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja na kimo cha kidole cha mwisho,
uliwapaka rangi miaka ile macho yako yalipokuwa macho:
vifungo kwa ncha ya sindano,
masharubu kwa unywele mmoja wa brashi.
Yule mpiga ngoma asiye na mguu ni kazi ya paka.
Hujamtoa jeshini. Wasema anangoja pensheni.

Wangu ni Waprusi, buluu iliyokoza,
nimewanunua mnadani wakiwa wamekwisha pakwa,
na hilo hujanisamehe.
Bunduki zao hupakiwa mtu akiwa kalala kifudifudi;
magobori yako hushindiliwa kwa kusimama wima, kifua wazi.
Kanuni zasema natupa dadu tatu, wewe moja.
Miaka kumi na tisa wachagua upande huohuo.
Nilikuuliza kwa nini, mara moja tu.
Ukanyosha futi kamba, ukasogeza kikosi sentimita kumi na mbili, ukajibu:
"Lazima wawe na mtu."

Leo umeshuka ngazi na fimbo nyeupe, kwa mara ya kwanza,
ukaiegemeza kwenye gunia la viazi
kana kwamba ni ya mgeni aliyeisahau.
Msitu wa Svíb, sponji na vijiti, unauhesabu kwa kupapasa,
mti kwa mti.
"Nina watu humu?"
"Unao. Wachache."

Saa tisa alasiri, ya mezani na ya ukutani,
walinzi wangu wamo Chlum, wamepenya ukungu wa pamba
upande ambao hakuna aliyeutazama.
Una zamu moja ya kukirudisha kilima.
Wahitaji tano, au sita.
Ukatikisa kikombe cha chai, ukamwaga.
Dadu ikabiringika, ikagonga kitasa, ikatulia.
"Ngapi?"

Swali dogo, jamani.
Niliona vitone viwili, vyeusi, macho ya panya.
Nikasema, "Sita."

Hukushangilia.
Mkono wako ukatambaa mezani, ukavuka kijito,
ukampita mpiga ngoma bila kumwangusha,
ukaifikia dadu, ukaitulizia kidole gumba.
Dadu za zamani vitone vyake vimechongwa, ni vishimo.
Nilikuwa nimesahau.

"Vratislav," ukasema, "tangu shule ukidanganya
sauti yako hupanda juu ya kiti.
Waliokipanda kilima hiki kwa miguu yao
hakuna aliyewasomea sita.
Mbili ni mbili. Waondoe."

Nikawaondoa. Mmoja, wawili, safu nzima,
nawe ukawapokea kiganjani, ukiwafuta vumbi,
ukiwalaza sandukuni kichwa upande mmoja, kama watu.
Mvua ilikuwa imepungua. Nikasikia friji ya juu ikinguruma.

"Kilimani kabaki nani?"
Nikainama kutazama, nikainama tena, nisije nikakosea.
"Mpiga ngoma."
Ukacheka, ukakitafuta kikombe, ukairudisha dadu ndani.
"Basi bado," ukasema. "Zamu ya nani?"