Tundu la Msumari

Mkasi, mwalimu wa historia skuli ya Wete,
kaniwekea picha juu ya ubao wa kukatia ngozi:
kaburi la askari wa Kirumi,
jiwe refu kama bamba la mlango
na mwenyewe kasimama ndani yake, utosi wazi,
mithili ya mtu aliyeitwa nje ghafla akasahau kofia.
"Ami, nataka mkanda huu. Wanafunzi waushike."

Mie fundi viatu. Kirumi sikijui.
Ngozi lakini naijua, hata ikiwa ya jiwe.
Nikavaa miwani.

Mikanda miwili, imepishana kiunoni.
Upanga kulia. Jambia kushoto.
Mbele, chini ya kitovu, ndimi nne za ngozi zananing'inia,
kila ulimi na vifungo vyake vya shaba;
havikingi kitu hivi, vyalia tu,
ili akipita sokoni watu wajue nani anapita.
Mchongaji kalipenda bizimu kuliko uso.
Uso kampa wa mtu yeyote.

Shati, laini! Kama kanzu ya Idi iliyotoka kwenye pasi.
"Huyu vitani alikwenda na kitambaa?"
"Alivaa chuma, Ami. Vipete maelfu, kimoja ndani ya kimoja.
Fundi hakuvichonga, alivipaka rangi,
na rangi imeshaoshwa na mvua."
Nikacheka peke yangu.
Namfahamu fundi huyo.
Mshono wa nje hupiga mara mbili,
wa ndani, gundi na Mungu.

Ngao nayo kaipunguza.
Ya kweli ingemziba mpaka magotini,
na mrithi aliyetoa pesa
hakutoa pesa achongewe ubao.

Picha ya pili: mpanda farasi, mkuki juu,
na chini ya kwato mtu uchi, ndevu timtim,
hana mkanda, hana kiatu, hana hata mstari wa maandishi.
Ila nywele zake, wallahi, zimechongwa unywele kwa unywele.
Nilimtazama huyo zaidi.
Mkasi akafunua ukurasa.

Babu Chumu alikuwa askari wa Keya.
Walimchukua hapa Wete, akarudi kutoka Burma
na sanduku la bati lenye blanketi moja.
Kaburi lake Limbani ni mawe mawili ya matumbawe,
kichwani na miguuni; jina tunalijua sisi
na mbuzi wa Bi Sichana wanaolala hapo mchana.
Yule Mrumi kaandikiwa umri, arubaini,
na utumishi, miaka kumi na tisa.
Babu hata umri wake tulikisia.

Mkanda wake ninao. Upo nyuma ya mlango wa banda,
juu ya tarehe za wanaonidai.
Matundu sita ya kiwandani, yamenyooka kama safu ya gwaride.
La saba liko mbali, ndani huko, shubiri nzima kasoro vidole,
limepinda, limechanika ukingo:
la msumari.
Tulipokuwa watoto tulimuuliza.
Alisema, "Kulikuwa na mvua,"
akaomba chai.

Siku nne nimekata, nimeloweka, nimegonga shaba
niliyoitoa kwenye birika bovu.
Kila kitu kwa kipimo cha jiwe.
Nilipofika kwenye matundu nikasita,
maana hapo jiwe limenyamaza:
ncha ya mkanda imeingia chini ya mkunjo wa joho
na joho hilo halinyanyuliki.

Nikatoboa sita kwa patasi, nafasi sawa.
Mkasi alikuwa keshafika, kasimama mlangoni na mkoba wa madaftari.
"Bado nini, Ami?"
Nikautafuta msumari wa inchi tatu,
nikaupima mbali, ndani huko,
nikainua nyundo.