Mwaka wa Tatu, Kisu

Mbegu aliziletea Sleyum, mpwa wake Mgeni,
anayemenya viazi hotelini Unguja:
nyeusi, ngumu, ishirini na mbili,
zimefungwa kwenye karatasi ya biskuti.
"Asparaga," alisema. "Wageni huila kwa siagi
na hulipa bei ya kuku mzima."
Mgeni akauliza: huchukua siku ngapi?
Sleyum akajibu: miaka mitatu.

Nilicheka peke yangu, upande wangu wa mchaichai.

Maana kibustani cha nyuma, hapa Kangagani,
marehemu Kombo alitugawia kwa safu ya mchaichai:
jua la asubuhi langu, la alasiri lake.
Wake wawili, kisima kimoja.
Alipokufa tuligawana masufuria, ng'ombe, mikarafuu saba.
Kimya hatukugawana.
Kila mmoja alibaki nacho chote.

Akachimba mtaro hadi magotini,
akaujaza samadi, makonyo ya karafuu yaliyooza,
mwani aliouosha chumvi mara tatu.
Nilimhesabia maji: ndoo nne, magharibi.
Kilichoota kilikuwa uzi.
Uzi wa kijani, wenye manyoya laini kama shamari,
unaolala upepo ukikohoa.
Mchicha wangu nilishauvuna mara sita.
Niliuchuma kwa sauti, ili asikie.

Mwaka wa pili, joto la kaskazi lilipokaza,
aliacha kumwagia.
Majani yakageuka manjano.
Akayafyeka hadi chini, akafagia, akaenda zake.
Nikasema moyoni: amekata tamaa.
Sijui kilichonituma.
Usiku nilivuka mchaichai na ndoo yangu,
nikaimwaga yote, taratibu,
kama mwizi anayerudisha.

Alfajiri alisimama mbele ya udongo uliolowa.
Miaka tisa, na neno la kwanza likawa hili:
"Nani kaiamsha?"

Sikuwa na pa kujificha. Ndoo ilikuwa mkononi.

"Nimeilaza," akasema. "Kwao kuna baridi,
baridi ndiyo huiambia lala.
Hapa petu haijui kupumzika,
itaota, itaota, mpaka ijimalize.
Sina baridi mie. Nailaza kwa kiu."

Kisha akanitazama, akaongeza:
"Na wewe lala. Unakonda."

Masika ya tatu yaliingia kwa kishindo cha mabati.
Siku ya nne ya mvua vilichomoza vichwa
vilivyobana, vya zambarau kwenye ncha,
vimesimama wima juu ya udongo mwekundu
kama vidole vya watoto wanaojua jibu.

Aliniita juu ya mchaichai, kisu mkononi.
"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu kakaa miaka. Leo mpe kisu."
Akanionyesha: zilizofika shubiri tu,
kabla jua halijazichosha,
ukate chini kidogo ya udongo, kwa mshazari.
Nyembamba ziache. Hizo zitalisha mizizi.
Ya kwanza ilikatika kwa mlio mdogo.
Sote wawili tuliusikia.

Siagi ya nani? Tulizipika kwa tui jepesi,
chumvi, ndimu, pilipili moja.
Alitafuna muda mrefu. "Inakuwaje?" nikamwuliza.
"Mchicha," akasema, "uliokwenda skuli."

Kesho yake asubuhi nilitoka chooni na hofu.
Ile harufu! Kama kabichi iliyosahauliwa sufuriani.
Nikadhani figo zimeoza.
Nikamkuta ukutani, kopo mkononi,
uso umemshuka, anangoja zamu.
"Na wewe?"
"Na mimi."
Tulicheka hadi akaniegemea,
hadi kopo likaanguka,
hadi jirani akauliza kulikoni
na hakuna aliyeweza kumwambia.

Sleyum alikuja Ijumaa na mizani.
Mgeni akamwambia: rudi mwakani.

Mchaichai hatukuung'oa.
Tunaukata, wa chai.