Mgeni wa Mgeni

Seva ilishuka na treni ya alfajiri,
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa,
nikaipokea stesheni ya Tabora
kwa saini mbili na toroli la kukodi.

Ndani yake nikaweka mwenyeji.
Ndani ya mwenyeji, mgeni.
Naye mgeni hakuja peke yake:
alibeba programu ya mizani ya asali
aliyoiandika marehemu Lugembe
enzi kompyuta zinavikwa vitambaa vya kufuma.
Programu ile haijui kuishi
ila kwenye mashine iliyozaliwa nayo,
na mashine ile chuma chake kilishauzwa kwa kilo.
Basi tukaiunda upya kwa maneno matupu,
tukaiita mashine pepe,
kama pepe za mpunga kwenye ungo,
ganda linaloapa kwamba lina kiini.

Saa nne kamili ikaganda.
Haikutoa kosa, haikulalamika.
Kioo cheusi, na kijistari kimoja
kikinikonyeza.

Wa ndani kabisa anagonga mlango wa prosesa.
Wa kati anamjibu, hapa hakuna mlango.
Wa nje anasema, mlango upo, ila si wenu.
Nikasoma kumbukumbu zao hadi macho yakawasha.
Hakuna aliyesema uongo.
Hapo ndipo nilipochoka.

Kesi hii naijua tangu sijawa fundi.
Nimepanga Isevya, chumba cha pili, kwa Bi Nyamizi.
Mwaka ule Luhende, mdogo wangu, alikuja kutoka Sikonge
na begi la matobolwa na barua ya shule.
Mkataba ulimtambua mtu mmoja.
Asubuhi Bi Nyamizi akahesabu ndoo zangu,
akazihesabu tena,
hakuniuliza kitu.
Akafunga bomba.

Usiku wa kwanza nilimpunguzia mgeni viini,
nikamwachia kimoja.
Alitembea hatua tano, akaanguka.
Usiku wa pili nikazima kurasa juu ya kurasa,
maana kumbukumbu ikitafsiriwa mara mbili
hufika kama salamu iliyopitia kwa mlevi:
jina sahihi, habari si yenyewe.
Akatembea hatua kumi. Nikampigia makofi
peke yangu, ofisini, na mbu.

Usiku wa tatu nikamfundisha mwenyeji kudanganya.
Wakikuuliza jina la prosesa, nilimwambia,
usitaje lako, taja la babu yako.
Ujuzi wote uliozaliwa baada ya elfu mbili na tisa
uweke uvunguni.
Ukiulizwa, huna.

Kijistari kikahama.
Kisha namba, kisha majina ya vijiji,
kisha kilo za asali za msimu mzima
zikamiminika kioo kizima, polepole,
kama zinavyomiminika zenyewe.

Luhende naye nilimpeleka barazani kwa Bi Nyamizi
na jina moja tu: mjukuu wa Msonde,
yule aliyemchongea marehemu mumeo mizinga.
Sijui kama babu aliwahi kuchonga hata mmoja.
Bi Nyamizi alimtazama masikio, kisha vidole,
akasema, kweli, ana mikono yake.
Jioni bomba lilikuwa wazi.

Imebaki saa.
Mgeni wa ndani huishi dakika hamsini na sita
kila sisi tunapoishi sitini.
Wafuga nyuki walianza kupata risiti za jana
kwa asali ya leo, wakacheka, kisha hawakucheka.
Nikaandika kijiprogramu kidogo
kinachomgusa bega kila baada ya dakika kumi:
ndugu, muda umekwenda.

Meneja Kalunde aliuliza, imepona?
Nikamwambia, haijapona. Imekubali.
Akaidhinisha malipo bila kunitazama.

Nimebandika karatasi ubavuni mwa seva,
kwa gundi ya mabomba, herufi kubwa:
USISASISHE MWENYEJI WA NJE.
UKISHASASISHA, NIPIGIE.
NISIPOPATIKANA, NJOO ISEVYA, CHUMBA CHA PILI,
USITAJE KAZI YANGU,
ULIZA MJUKUU WA MSONDE.