Mizani Ndani ya Lifti

Lifti ya jengo letu, mtaa wa Gldani, haipandi bure:
hula sarafu kwanza, ndipo inung'unike.
Mwalimu Tsiala alikuja na sarafu zake ndani ya soksi
na mizani, si ya ushairi, ya bafuni,
aliyoiazima kwa dada yake.
"Leo," akasema, "ubao wetu ni huu."

Akamsimamisha Bidzina,
Bidzina muuza mikate, mwenye kulionea haya tumbo lake.
Themanini na mbili. Tukanyamaza kwa adabu.
Sarafu ikaanguka, chuma kikashtuka,
sindano ikaruka hadi themanini na nane.
"Wallahi sijala kitu!"
"Sakafu inakusukuma," alisema mwalimu. "Lipe jina lake: mchapuko."

Ghorofa ya tatu, ya nne, ya tano, mwendo sawasawa,
sindano ikarudi themanini na mbili, ikatulia
kana kwamba tumesimama.
"Fumbeni macho. Tunakwenda, au tumekaa?"
Hakuna aliyejua.
Mwendo usiobadilika hauna sauti mwilini;
mwili husikia badiliko,
kama usingizi unavyokatika friji inaponyamaza.

Karibu na ya tisa lifti ikapunguza kasi:
sabini na sita. Bidzina akatabasamu,
akaomba tubaki hapo hapo milele.

"Na kamba ikikatika?"
Huyo ni Nutsa, binti wa fundi, anayejua kamba hukatikaje.
"Sifuri. Mizani itaanguka pamoja nawe,
haitapata nafasi ya kukubeba.
Tungamo lako litabaki lile lile, na kila mkate ulioula;
uzito ndio utakaokosa pa kuegemea."

Tukamalizia kwa ngazi hadi paani,
katikati ya antena na mashuka ya watu yaliyolowa ukungu.
Mwezi ulikuwa upande wa bwawa.
Aliye juu mngoje chini, ndivyo tulivyolelewa.
Basi huu tumeungoja, vizazi kwa vizazi,
hauji.
Na si kwamba hauanguki.
Unaanguka sasa hivi, unaanguka unaposoma mstari huu,
ila unakwenda pembeni kwa kasi
hata ardhi inajipinda chini yake, inaukwepa.
Lifti iliyokatika kamba, isiyo na ghorofa ya chini.

Kisha akatuonyesha magharibi: Vega,
nyeupe, yenye ubuluu kidogo.
"Miaka ishirini na mitano njiani," akasema,
"kilomita laki tatu kila sekunde, bila kituo."
Wengine waliandika.
Mimi nilihesabu nyuma kwa vidole
nikafika kwenye Novemba ile, mji hauna umeme,
chai inachemka kwa mafuta ya taa,
na baba amekwama ndani ya lifti hii hii,
kati ya sita na saba, usiku kucha,
akigonga ukuta kwa sarafu
ili tujue yu hai.

Baba hayupo tena. Nuru imefika.
Iliingia jichoni, ncha ya sindano tu,
na sikujua mgeni wa safari kama ile
hupokelewa kwa neno gani.

Bidzina aliwahi lifti. Kushuka ni bure,
na kushuka, alitukumbusha, huanza na sabini na sita.
Mimi nilipita ngazini
na kati ya saba na sita
nikagonga ukuta, mara mbili,
taratibu.